Nyanya Chungu Isiyokatwa

Asubuhi ile nilitoka Mkuyuni, hapo Mwanza, bila kujua niendako. Nilikuwa nalala kwa jamaa yangu mmoja, fundi makochi, na nilipoamka nikaona chumba chake kimekuwa kidogo kuliko kilivyokuwa jana. Hali hiyo hunijia. Wapo wanaosema ni uvivu, na shangazi yangu aliwahi kusema ni pepo la kurithi. Huwa sibishani. Naosha uso, nakunja shuka langu, naaga, naondoka. Shule niliiacha vivyo hivyo, nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Nilisimama njiani kutazama watu wakiinua lori la pamba lililolala ubavu, nikaona kazi ile ina mafunzo mengi kuliko yaliyokuwa yananisubiri darasani. Kesho yake nikarudi kuona gurudumu linavyofungwa. Baada ya hapo sikuona tena sababu ya kurudi shule.

Nilifuata barabara inayotoka mjini, ziwa likiwa upande mmoja na majabali upande wa pili. Mahali fulani nilikunywa chai. Mahali pengine nilisimama kuwatazama watu wakichimba mtaro, nikawauliza maji yatakwenda wapi, wakasema hawajaambiwa. Jua lilipopanda nikajikuta mahali ambapo mawe ya kando ya barabara yamepakwa chokaa, moja baada ya jingine, na maua yamekatwa usawa mmoja kama nywele za askari. Maua ya namna ile hayatunzwi na mtu mwenye haraka. Nikajua ni gereza kabla sijaona ukuta.

Kilichonizuia nisipite ni harufu. Zilikuwa ndizi zinazopikwa pamoja na maharage, na juu yake jani la mgomba linaloanza kuungua pembeni. Harufu hiyo niliijua tangu msimu niliokaa Bukoba nikibeba magunia ya kahawa. Niliifuata mpaka kwenye banda kubwa la bati lenye kuta fupi na ubao mlangoni: BWALO. KARIBUNI WOTE. Chini yake, kwa herufi nyekundu: USIMPE MFUNGWA KITU CHOCHOTE.

Bwalo lile lilijengwa kwa ajili ya askari, lakini siku hizi anakula yeyote. Wapishi ni wafungwa, wale ambao vifungo vyao vinaelekea ukingoni na ambao wakubwa wa gereza wanaamini hawatakimbia na sufuria. Wanavaa sare zao za rangi ya chungwa na aproni nyeupe juu yake. Fedha zinapokelewa na askari, kwa kuwa mfungwa hashiki hela wala simu. Kisu cha jikoni kimefungwa mezani kwa mnyororo wa baiskeli, kwa hiyo kila kitu cha kukatwa hupelekwa kilipo kisu. Ukimaliza kula, kijiko chako kinachukuliwa kabla hujafuta mdomo. Nje ya banda walisimama korongo, wale wenye upara na mfuko shingoni, wakingoja mifupa kwa adabu, kama watu waliokuja kumtembelea ndugu yao.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huliona haraka. Askari akimwita mfungwa, mfungwa anachuchumaa. Hata kama ameshika mwiko, anauweka pembeni, anachuchumaa, anasikiliza, anajibu, anaambiwa ainuke, anarudi kwenye sufuria. Siku nzima jikoni vichwa vinashuka na kupanda. Kwa mteja hawachuchumai. Mteja analetewa chakula na mtu aliyesimama, kama mahali popote.

Mhudumu alikuwa mfungwa mzee, mwembamba, mwenye sauti ya dalali wa mnadani.

"Karibu, mheshimiwa. Tuna ugali, wali na ndizi. Samaki ni sato, kakamatwa leo asubuhi, kanyimwa dhamana."

"Na nyama?"

"Nyama imefungwa maisha. Iko motoni tangu alfajiri na bado haijajutia kosa."

"Basi nipe ndizi."

"Hukumu ya haki kabisa."

Watu wa meza za jirani walicheka, ingawa ilionekana wanayasikia maneno yale kila siku. Palikuwa na vijana wa bodaboda, mafundi wenye saruji kwenye nywele, na familia iliyotoka kumtembelea mtu wao. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jiko, lile tundu kubwa ukutani ambalo sahani hupitishwa. Hapo alikaa mama mmoja mtu mzima, gauni limepigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri, mkoba mapajani kama aliyeko kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, lakini kaa upande ule. Usinizibe."

Nikakaa upande ule. Sikujua namzibia nini, maana mbele yake palikuwa na tundu, moshi, na mfungwa mmoja mrefu mwenye mabega mapana aliyekuwa akifunua jani la mgomba kwenye sufuria, mgongo ametugeuzia.

Sahani zetu zilikuja pamoja. Zote mbili zilikuwa ndizi na maharage, zilitoka sufuria moja, nilishuhudia zikipakuliwa. Lakini katikati ya sahani ya yule mama ilikaa nyanya chungu moja nzima, haijakatwa, imeiva mpaka ngozi imekunjamana. Kwangu haikuwepo. Nikatazama meza ya jirani, aliyeagiza ndizi naye hakuwa nayo.

"Mzee," nilimwita mhudumu, "mbona mimi sina nyanya chungu?"

"Kosa lako wewe ni dogo," alijibu akipita. "Hustahili uchungu."

Watu wakacheka tena. Yule mama hakucheka. Aliikata nyanya chungu kwa kijiko vipande vidogo sana, akawa anakula kipande kimoja kwa kila tonge la ndizi, akiangalia dirishani. Nilimaliza, nikanyang'anywa kijiko, nikakaa. Aliendelea kula mpaka jiko lilipoanza kuoshwa. Chakula chake kilikuwa kimepoa zamani.

Nilipata kazi ya kuponda kokoto karibu na pale, na chumba kwa mtu aliyekuwa na majiko ya mkaa ya kuuza. Nilijiambia ni kwa sababu ya kokoto. Ukweli ni kwamba siku ile ilikuwa Jumamosi, na nilitaka kuona kama Jumamosi inayofuata yule mama atakuja tena na kama atapata tena nyanya chungu. Alikuja, akapata. Jumamosi nyingine ikawa hivyo hivyo. Siku za katikati ya wiki nilikula ndizi za mpishi yule yule na sikuona nyanya chungu kwa yeyote.

Jumamosi moja alipomaliza kula alishindwa kuinuka. Magoti yake yalikuwa mabovu, na kiti cha bwalo kilikuwa kifupi. Nikampa mkono, nikambebea mkoba mpaka barabarani zinaposimama bajaji. Tulitembea polepole sana. Nusu ya njia akasema, bila kunitazama:

"Umeshajua."

"Nimejua nini, mama?"

"Acha kujifanya. Mtu anayechungulia sahani za watu kama wewe atakosaje kujua?"

Nikasema nadhani mpishi ni mwanawe.

"Wa mwisho," alisema. "Wa mwisho na wa pekee aliyebaki."

Alikuwa mtu wa Kagera aliyehamia Mwanza baada ya kufiwa na mume, na alikuwa na meza ya maharage na karanga katika soko la Mkuyuni. Nilikuwa nimepita mbele ya meza ile mara nyingi. Mwanawe alikuwa mtunza ghala, akauza magunia ya kahawa ambayo hayakuwa yake. Hilo alilieleza kwa sentensi moja na hakulitetea. Siku za kutembelea wafungwa alikwenda, lakini hakuzipenda. Mnasimama kwenye wavu, askari kasimama kati, mtoto anaongea na vidole vyake vya miguu.

"Pale kwenye wavu naonyeshwa mfungwa," alisema. "Huku namwona mwanangu anapika. Amesimama wima. Anaonja, anaongeza chumvi, anagombana na moto. Naridhika."

"Na nyanya chungu?"

"Kwangu haikatwi. Inaingia sufuriani nzima, na inapakuliwa kwa mkubwa wa nyumba. Baba yake alipofariki ikawa yangu. Hatujasalimiana humo ndani hata siku moja. Hanitazami, nami simwiti. Ananiletea hiyo, naila, naondoka."

Sababu ya kutosalimiana ilikuwa kanuni. Mfungwa mwenye ndugu anayekuja kula bwaloni hawezi kubaki jikoni, kwa hofu ya tumbaku na simu kupenyezwa kwenye masufuria. Akigundulika anaondolewa, na kwa kawaida anapelekwa gereza jingine, la shamba.

"Wakijua, nimekwisha," alisema. "Sina Jumamosi tena."

Bajaji ikaja. Aliinama kuingia, akageuka.

"Wewe huna kazi ya maana?"

"Naponda kokoto."

"Nimeuliza kazi ya maana," alisema, na bajaji ikaondoka.

Tangu siku hiyo nilikaa naye kila Jumamosi, upande ule ule. Ilimsaidia, maana mama aliyekaa peke yake akitazama dirishani anaonekana, lakini mama aliyekaa na kijana mzembe anaonekana anamsema. Na kwa kweli alinisema. Alitaka kujua kwa nini sina mke, kwa nini viatu vyangu ni tofauti, kwa nini niliacha shule kwa ajili ya lori. Nilipomweleza namna walivyotumia magogo kuliinua lori lile alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ningeweza kuwa injinia. Alisema hivyo kama mtu anayetoa rambirambi.

Askari wa bwalo alikuwa mwanamke mnene, Msukuma, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Alikaa mlangoni na sanduku la fedha na simu ya malipo. Kila mtu alimwita afande, na wateja wa zamani walimtania, naye aliwatania. Kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kumuuliza kama anaweza kulipa kwa kukaa ndani siku mbili. Afande alimjibu kwamba kwa anavyokula, serikali ingefilisika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho na masikio tu. Nilimwona mara moja akimwita mfungwa kutoka jikoni kwa sababu amehesabu samaki kwa kusikia mlio wa kikaango, akajua mmoja amepungua.

Jumamosi iliyoharibika ilianza kama nyingine. Bwalo lilijaa mapema. Mzee mhudumu hakuwepo. Alikuwa amepelekwa hospitali na kifua chake. Wafungwa wa jikoni walipokezana kuleta sahani, kila mmoja kwa namna yake, mmoja akisahau vijiko, mwingine akisahau aliyeagiza. Niliona jinsi mama alivyobadilika. Aliufungua mkoba, akaufunga. Akaniambia twende, tutakula siku nyingine. Lakini tulikuwa tumeshalipa, na kabla sijainuka, mwanawe alikuwa ameshatoka jikoni na sahani.

Alikuja amesimama vizuri, kama wenzake. Sidhani alikusudia lolote. Alifika mezani, akaishika sahani kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Nieleze hapa jambo ambalo mama alinieleza baadaye. Nyumbani kwake, mtoto, hata awe na ndevu, hampi mama chakula akiwa amesimama. Anapiga magoti, anatoa sahani kwa mikono miwili, anangoja. Hainuki mpaka mama aipokee. Wafungwa wale walikuwa wamezoea kushuka chini kwa amri siku nzima, lakini huko ni kuchuchumaa, visigino chini, mikono magotini. Hakuna aliyewahi kupiga magoti bwaloni. Mtoto yule alikuwa amekumbuka miezi yote kutomtazama mama yake na kutomsalimia. Magoti hakuyakumbuka, kwa sababu hayakuwa kitu cha kukumbuka.

"Mama!" alipaza sauti kijana wa bodaboda. "Huyo anakuposa! Kubali, anajua kupika!"

Bwalo zima likaangua kicheko. Mama alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mkoba. Hakuigusa sahani. Nilielewa anachofanya: alikuwa anamkana. Kama asingeipokea, yule angekuwa mfungwa tu aliyejikwaa.

"Wewe!" afande aliita kutoka mlangoni. "Umeangusha nini chini?"

"Hakuna, afande."

"Basi inuka, watu wana njaa."

Hakuinuka. Alikuwa ameinamisha macho, sahani imenyooshwa mbele, mvuke unapanda usoni mwake. Na afande alipomwita hakuchuchumaa, alibaki kwenye magoti. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya wenzake waliokuwa dirishani waache kufanya kazi. Nilinyoosha mkono nikaishika sahani ili niipokee mimi, nikisema asante, ndugu. Hakuiachia. Aliishika kwa nguvu, bila hasira, kama unavyoshika kitu ambacho mtu amekosea kudhani ni chake.

Kicheko kilikuwa kimepungua, kikaisha. Sahani ilikuwa ya bati, na moto wake nilikuwa nimeusikia kwenye vidole vyangu kwa muda mfupi tu. Yeye aliendelea kuishika.

Mama akaachia mkoba. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Inuka, baba," alisema.

Akainuka, akarudi jikoni. Kijana wa bodaboda alifungua mdomo aseme kitu, mwenzake akamkanyaga mguu.

Afande alikuja mezani kwetu baadaye, kwa hatua za taratibu, akivuta mkanda wa suruali. Nyanya chungu ilikuwa bado nzima kwenye sahani. Aliitazama.

"Kula, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Usiwe na haraka leo."

"Ni mtoto wa watu tu, amenipa heshima," mama alisema. "Sote tunaitana baba."

"Kweli, sote tunaitana. Mimi mwenyewe naitwa mama na wanaume walionizidi umri." Afande alivuta pumzi. "Neno ningelisahau. Lakini amengoja, mama. Nimemwita, na bado amekungoja wewe. Na wote wameona, hata askari wa zamu yule pale. Kanuni siyo yangu."

Mama alisema ameelewa. Alikula chakula chote, nyanya chungu vipande vidogo kama kawaida, na safari hii alitazama dirishani bila kujificha. Mwanawe naye aligeuka mara moja, akamtazama. Halafu akarudi kwenye moto.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuvumilia kidogo zaidi. Labda angechoka, angeinuka.

"Angekaa pale mpaka jioni," alisema. "Namjua. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Jumamosi iliyofuata ndizi zilipikwa na mtu mwingine, maharage yakawa magumu. Mzee mhudumu alikuwa amerudi, na utani wake ulikuwa umepungua makali. Aliponiletea sahani aliniambia, bila kutikisa midomo sana, kwamba mpishi amehamishwa kwenda gereza la shamba, mbele ya Magu. Zaidi ya hapo hakujua. Mahali penyewe sitapataja.

Nilikwenda sokoni Mkuyuni kumpa mama habari. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta.

"Huko wanalima nini?"

"Mpunga, nasikia. Na mahindi."

"Kupika hawapiki?"

"Sijui, mama."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. Akasema siku za kumtembelea zitakuwepo, atakwenda kwenye wavu kama watu wengine, magoti yakimruhusu. Lakini kwenda huko, kupanda na kushuka magari, halafu akasimamishwe kwenye wavu kutazama utosi wa mtu, hilo hakuwa tayari kulifanya bila kujua kwanza. Alitaka kujua kama mwanawe ana jiko.

"Wewe si ndiye mtu wa kuzurura?" alisema. "Basi zurura upande huo, mara moja maishani uwe na faida."

Nilirudisha chumba, nikaacha nyundo ya kokoto kwa mwenyewe. Nikapata lifti kwenye fuso lililobeba mashudu ya pamba, nikakaa juu ya magunia na harufu yao ya mafuta. Tulipita Magu watu wakiwa wameanika mpunga kando ya lami. Dereva alinishusha mahali ambapo barabara ya vumbi inashuka kuelekea ziwani, akasema gereza liko huko chini, na kwamba kama nimetoroka basi nimekosea uelekeo.

Mji wenyewe ulikuwa mtaa mmoja. Nyumba ya wageni ilikuwa moja pia, vyumba vichache vimezunguka ua wenye mpera, na mwenyeji wake alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akisuka nywele za jirani yake.

"Chumba kipo," alisema, vidole vikiendelea na kazi. "Maji ya ndoo. Chandarua kina tundu, utalifunga mwenyewe. Chakula sipiki."

"Watu wanakula wapi?"

"Kwa wafungwa, hapo chini. Sote tunakula huko. Mume wangu alikuwa ananung'unikia chakula changu miaka yote, sasa ana raha kuliko alipooa."

Jirani yake alicheka mpaka akavutwa nywele.

Nilishuka. Palikuwa na kibanda cha nyasi na bati nje ya uzio, benchi ndefu, na dirisha la jiko. Hakukuwa na mhudumu. Kila mtu alikwenda dirishani akiwa amesimama, akalipa kwa askari aliyekaa pembeni, akachukua sahani yake, akaondoka. Nililitazama hilo kwa muda kabla sijaingia kwenye foleni. Aliyekuwa anapakua alikuwa mfungwa mfupi mwenye kikohozi.

"Kuna nini?"

"Ugali dagaa, wali, na siku hizi ndizi."

"Huku mnakula ndizi?"

"Tulikuwa hatuli. Tumeletewa mtaalamu." Alikohoa pembeni. "Ukianza kuzila, ugali unakuwa kama adhabu, na sisi adhabu tunayo tayari."

Nikachukua ndizi. Nyuma yake moshi ulikuwa mwingi, nikaona aproni na mkono unaokoroga, sura sikuiona. Ndizi zilikuwa zile zile. Maharage yalikuwa laini. Nilikula nusu nikiwa nimesimama, nikarudi dirishani.

"Ndizi kama hizi si huwa zinawekwa nyanya chungu?"

"Ipo," alisema yule mfupi. "Anaiweka moja, nzima, kila siku. Lakini haiuzwi. Hata afande aliitaka, akaambiwa kwa heshima ina mwenyewe. Jioni jiko likifungwa anaila yeye, kesho anaweka nyingine." Akainua mabega. "Kila mtu na kifungo chake."

Nilipanda mpaka kwenye ua wa nyumba ya wageni ambako simu inashika, nikampigia mama.

"Umemwona?" aliuliza.

"Sijamwona."

"Sasa umeona nini?"

"Nyanya chungu."

Nyuma yake, sokoni, mtu alikuwa akitangaza bei ya vitunguu.

"Nzima?"

"Nzima. Na huku hakuna anayeletewa sahani, mama. Kila mtu anajichukulia dirishani."

Alifikiri.

"Basi nitachukua mwenyewe," alisema. "Mapema, kabla hajapata nafasi ya kukosea. Na kanuni yao huko ikoje?"

"Sijauliza."

"Usiulize."

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amefika mstari wa mwisho wa nywele. Nilimlipa chumba changu, kisha nikamuuliza kama Jumamosi kutakuwa na kingine, kilicho karibu na mlango, kwa mtu mwenye magoti mabovu.

"Nani wako?"

"Mama mmoja wa Mkuyuni."

"Ana shughuli gani huku kwetu?"

"Anakuja kula."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, akatazama na viatu vyangu visivyofanana.

"Kwa wafungwa?"

"Ndiyo."

"Mwambie awahi," alisema, akafunga ncha ya msuko kwa uzi. "Ndizi zinaisha saa sita."